Pikapu iliyotumika ya kuvutia karavani ya familia: namna ya kuichagua

Mwambie muuzaji yeyote kwamba unatafuta pikapu ya kuvutia karavani, lile trela la kulala safarini, na jibu unalijua kabla hajafungua mdomo: "Hii inavuta tani tatu na nusu, bosi, usiwe na shaka." Na wala hasemi uongo. Pikapu nyingi za dabo kebini za miaka ya karibuni, Hilux, Ranger, D-Max na wenzao, zina matoleo yaliyoidhinishwa kuvuta kilo 3,500. Shida ni kwamba namba hiyo haijui una watoto watatu kiti cha nyuma, friji, meza, baiskeli na bampa ya chuma aliyoifunga mwenye gari wa kwanza. Kwenye pikapu ya familia kinachokwisha kwanza, mara nyingi, ni uwezo wa kubeba. Nguvu ya kuvuta inakuwa bado ipo.

Hatua ya 1: Jua uzito wa karavani kwanza

Kama karavani unayo tayari, vizuri. Kama huna, amua ya aina gani kabla ya kwenda kutazama pikapu hata moja. Anayenunua gari kwanza huishia kutafuta karavani ya kulifaa gari, na familia ndiyo inayolala imebanana.

Kibao cha karavani huonyesha uzito ikiwa tupu na uzito wa juu unaoruhusiwa ikiwa imepakia. Piga hesabu zako kwa ule wa juu. Uzito wa tupu ni wa siku ilipotoka kiwandani, kabla ya betri ya pili, turubai la kivuli la pembeni, mitungi ya gesi na vyombo. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo matangi mawili ya lita 80 yakijaa ni kilo 160, na hapo hujaweka hata kijiko.

Halafu kuna uzito ambao shingo ya trela inaukandamiza kwenye kirungu cha kuvutia nyuma ya gari. Tuuite uzito wa shingo. Kwa karavani nyingi nzito unatakiwa uwe kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wote wa karavani iliyopakia. Ukipungua, trela huanza kuyumba mkia kwenye mwendo. Ukizidi, nyuma ya gari inalala na tairi za mbele zinakosa mshiko. Karavani nyepesi za Ulaya hutengenezwa kwa shingo nyepesi zaidi, mara nyingi isiyozidi kilo 100, kwa hiyo kibao cha karavani yenyewe ndicho cha kufuatwa.

Uzito huu unaupima mwenyewe kwa mizani ya bafuni. Panga karavani kama ya safari, isimame kwenye sakafu iliyo sawa, uzuie magurudumu. Mizani nyingi za bafuni huishia kilo 150, kwa hiyo chukua gogo imara, upande mmoja uegemee mizani na upande mwingine tofali lenye kimo sawa na mizani. Shusha shingo juu ya gogo kwenye theluthi ya kwanza kutoka kwenye tofali. Toa kiasi ambacho mizani ilikuwa inasoma kwa gogo peke yake, kinachobaki zidisha kwa tatu. Ikisoma 73, shingo yako ina kilo 219 hivi.

Hatua ya 2: Soma vibao, kaa chini na kalamu

Hapa ndipo pikapu nyingi nzuri zinapoanguka, na ndipo inapofaa utumie muda mwingi kuliko mahali pengine popote. Namba unazozihitaji ni tatu: uzito wa juu wa gari lenyewe na kila kilichomo, ambao kwenye vibao vingi huandikwa GVM, uzito wa juu wa gari na trela kwa pamoja, GCM, na uzito wa juu wa trela lenye breki. Pikapu za Marekani hutumia GVWR na GCWR kwa maana hiyohiyo. Tafuta kwenye fremu ya mlango wa dereva, chini ya boneti, na kwenye kitabu cha gari. Ile ya gari na trela kwa pamoja mara nyingi ipo kitabuni tu, labda ndiyo maana hakuna muuzaji anayeitaja.

Tuchukue pikapu ya mfano. Ikiwa tupu ina kilo 2,150. GVM yake ni 3,100, GCM ni 5,900, na inaruhusiwa kuvuta 3,500. Kwa hiyo inaweza kubeba kilo 950. Familia ya watu watano, wazazi na watoto watatu, kilo 250. Friji, vifaa na mizigo, 120. Kava la nyuma la chuma, 90. Bampa na winchi, 70. Jumla 530, zimebaki 420.

Sasa funga karavani ya kilo 2,200 yenye shingo ya kilo 220. Zimebaki kilo 200 za kupumulia. Gari na trela kwa pamoja ni 2,680 jumlisha 2,200, yaani 4,880, chini kabisa ya 5,900. Safi.

Funga badala yake karavani ya tani tatu na nusu aliyokuahidi muuzaji. Shingo ya kilo 350 bado inaingia, kwa kubana, zikisalia 70. Lakini jumla ya gari na trela ni 6,180. Umezidi kwa kilo 280, na familia haijabeba hata kitu cha anasa. Ukitaka kuvuta 3,500 kihalali na pikapu hii, gari zima na watu wake lisizidi kilo 2,400. Toa 2,150 na umebakiwa na 250: familia yenyewe, mikono mitupu.

Kuna jambo jingine ambalo hesabu hiyo inalificha. Kirungu kiko nyuma ya ekseli ya nyuma, kwa hiyo shingo inafanya kazi kama wenzo: inalemea ekseli ya nyuma kuliko uzito wake na kuinua ya mbele. Kama ekseli zimeachana mita 3.2 na kirungu kiko mita 1.3 nyuma ya ile ya mwisho, kilo 220 za shingo zinakuwa kilo 309 kwenye ekseli ya nyuma, na ya mbele inapoteza 89. Kila ekseli ina kikomo chake kwenye kibao. Linganisha. Ndiyo sababu pia pikapu yenye ekseli zilizoachana zaidi, na mkia mfupi nyuma ya tairi, huvuta kwa utulivu kuliko yenye umbo la kinyume, hata injini zikiwa sawa.

Kama unatazama pikapu ya Marekani ya miaka ya nyuma, usilinganishe namba za kuvuta za kampuni mbili kana kwamba zilipimwa kwa kipimo kimoja. Zamani kila kampuni ilijipimia. Kipimo cha pamoja, SAE J2807, Toyota ilianza kukitumia kwa magari ya 2011, na wakubwa wa Detroit (Ford, GM na Ram) wakaingia kwa pikapu zao za daraja jepesi kufikia matoleo ya 2015. Sehemu ya kipimo hicho ni kupanda mlima wa Davis Dam huko Arizona, zaidi ya kilomita 18, joto likiwa nyuzi 38 au zaidi na kiyoyozi kikiwa kimefunguliwa hadi mwisho, gari lisishuke chini ya kilomita 64 kwa saa likiwa na tairi moja kila upande nyuma. Kampuni zilipoanza kupima hivyo, baadhi ya pikapu zilishushiwa namba bila kubadilishwa hata boliti.

Jina la modeli halitoshi. Pikapu mbili zenye jina moja na mwaka mmoja zinaweza kupishana zaidi ya tani kwenye kuvuta kwa sababu ya injini, giaboksi, kebini au difu. Kila unapompigia muuzaji simu, mwombe picha ya kibao. Akichelewa kuituma, endelea na mwingine.

Hatua ya 3: Waketi watu wote

Nenda na familia, au angalau na kiti cha mtoto unachokitumia. Kebini yenye viti vidogo vya kukunja nyuma si ya familia, hata picha zikiwa zinavutia namna gani. Kwenye dabo kebini, angalia mgongo wa kiti cha nyuma: kwenye pikapu nyingi za zamani umesimama wima kiasi kwamba baada ya saa mbili kila mtu ana kisirani. Angalia vyuma vya kufungia kiti cha mtoto, na kama mikanda ya viti vyote vya nyuma inavutika na kufunga. Fungua kiyoyozi, kaa nyuma wewe mwenyewe, uone kama hewa inakufikia.

Hatua ya 4: Injini, giaboksi, difu

Dizeli yenye turbo ndiyo chaguo la wengi, na mimi nakubaliana nao: ina nguvu ya mvuto kwenye mizunguko ya chini, na mlimani haipotezi pumzi haraka. Injini isiyo na turbo hupungukiwa takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda kutoka usawa wa bahari. Dizeli haifai tu kama gari hili, nje ya likizo, litakuwa la kupeleka watoto shule na kurudi. Hapo chujio la masizi kwenye bomba la moshi halipati joto la kutosha kujisafisha, linaziba, na kulibadilisha ni fedha nyingi. Kwa mtu huyo petroli ni busara zaidi, akubali tu kwamba kituo cha mafuta watajuana. Kwa injini yoyote, karavani pana na ndefu kwenda juu inaweza kuongeza ulaji wa mafuta kwa nusu au zaidi, kwa sababu ya upepo inaokabiliana nao, kwa hiyo ukubwa wa tangi ni jambo la kuuliza.

Difu wengi huisahau. Yenye uwiano wa 4.10, yaani shafti huzunguka mara 4.10 kwa kila mzunguko mmoja wa tairi, huvuta kwa wepesi kuliko ya 3.55 kwenye gari lilelile, ingawa injini itazunguka zaidi kwenye barabara tambarare. Kwa karavani nzito chagua ile yenye namba kubwa.

Giaboksi ya otomatiki ni rafiki wa mwenye trela mradi haichemki. Uliza kama ina kipozeo chake cha oili. Matoleo yaliyotengenezwa kwa kuvuta mara nyingi huwa nacho, kile kirejeta kidogo mbele ya rejeta kubwa.

Hatua ya 5: Lala chini ya gari

Chukua tochi, bisibisi ya zamani na kipande cha boksi cha kulalia.

Anza na chasisi. Pitisha mkono ndani ya reli za chuma, sehemu ambazo tope hukaa, hasa juu ya ekseli ya nyuma na pale springi zinapofungwa. Gonga kwa mpini wa bisibisi: chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti ya kufa. Kutu ya juu juu haina neno. Kutu inayobanduka kwa matabaka, achana nayo. Rangi nyeusi mpya iliyopigwa chini ya gari la miaka kumi nayo ina maelezo yake, mwombe muuzaji akupe. Jambo hili si la magari ya hovyo tu: mwaka 2016, Marekani, Toyota ilikubali kumaliza kesi ya kutu ya chasisi iliyohusu, miongoni mwa nyingine, Tacoma za 2005 hadi 2010.

Kisha simama pembeni ya gari, macho usawa wa dirisha, utazame mwanya kati ya kebini na bodi ya nyuma. Mwanya uwe sawa kutoka juu hadi chini. Ukiwa mpana juu na mwembamba chini, chasisi imepinda. Hutokea kwa pikapu iliyobebeshwa mzigo nyuma kabisa na shingo nzito, hasa iliyoongezewa mifuko ya hewa juu ya springi ili isilale: mifuko inainua gari vizuri, lakini inahamishia mzigo kwenye nukta moja ya chasisi. Hakuna bei inayofaa kwa gari hilo.

Hapohapo soma historia ya kuvuta. Kirungu kilicholika, alama za kukwaruzwa kwenye bampa, tundu za skrubu chini ya dashibodi palipokuwa na kidhibiti cha breki za trela. Gari kuwahi kuvuta si kosa, kuna wenye karavani wanaotunza magari kuliko watoto wao. Kosa ni mwenyewe kuapa halijawahi kuvuta wakati chuma kinasema vingine. Waya za plagi zilizoungwa kwa utepe mweusi zitakusumbua usiku taa zikigoma, hesabu gharama ya kuzisuka upya.

Chuma cha kuvutia chenyewe kina kibao chake. Namba ndogo kuliko zote ndiyo inayotawala: gari likiweza 3,500 na chuma kikiandikwa 2,000, una 2,000. Kirungu nacho kilingane na kofia ya shingo. Sehemu kubwa ya dunia ni milimita 50, lakini Marekani kuna vya ukubwa tofauti, na kofia kubwa juu ya kirungu kidogo huchomoka kwenye tuta la kwanza.

Malizia na springi zilizovunjika, shokamzoba zinazovuja, na tairi. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kashata nzuri kwenye tairi ya miaka minane isikudanganye. Tazama pia namba ya uwezo wa mzigo, kwa mfano 112, ambayo ni kilo 1,120 kwa tairi moja. Wauzaji hupenda kufunga tairi za bei nafuu zenye namba ndogo kabla ya kuuza.

Hatua ya 6: Iwashe ikiwa baridi

Mwambie muuzaji mapema kwamba unataka kuikuta haijawashwa, na ukifika uguse boneti. Ikiwa ya moto, kunywa naye chai mpaka ipoe. Ikiwa baridi, na hapo tu, fungua kifuniko cha rejeta: maji yawe safi yenye rangi yake, yasiwe na utandu wa oili wala tope la kahawia. Washa. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Mweupe usiokoma injini ikishapata moto ni maji au nozeli. Mweusi mzito ni mafuta yanayozidi. Injini ikinguruma, fungua kifuniko cha kuwekea oili. Mvuke kidogo ni kawaida, moshi unaosukuma kama pampu ni pistoni zilizochoka.

Uliza kama injini ina mkanda wa taimingi au mnyororo. Hilux za dizeli za lita 3.0, zenye injini ya 1KD, zina mkanda. D-Max zenye injini ya 4JJ1 zina mnyororo. Mkanda usio na ushahidi wa kubadilishwa uhesabu kuwa haujabadilishwa.

Oili ya giaboksi ya otomatiki, kama kuna kijiti cha kupimia, inatakiwa iwe nyekundu. Ya kahawia iliyoiva inayonuka kuungua imevutishwa mizigo bila kupozwa. Magari mengi mapya hayana kijiti. Mlipe fundi afungue na kuangalia, ni fedha ndogo ukilinganisha na giaboksi.

Hatua ya 7: Barabarani, mlimani

Tafuta mlima. Simama katikati yake, ondoka taratibu, kisha panda kwa kurudi nyuma pia, maana karavani utaiegesha kwa rivasi. Kwa gia za mkono, ukiwa kilomita 50 kwa saa weka gia ya nne na ukanyage mafuta yote: mizunguko ikipanda gari likabaki palepale, klachi imekwisha. Mshale wa joto usisogee kupita kawaida yake. Washa gurudumu nne, uhakikishe zinaingia na kutoka. Shuka mlima ukitumia gia kuzuia mwendo. Breki ikitetemesha usukani, diski zimepinda, kitu cha kurekebishika lakini cha kupunguziwa bei.

Kama muuzaji anakubali, vuta trela lolote. Wachache wanakubali.

Hatua ya 8: Karatasi

Namba ya chasisi kwenye chuma, kwenye kibao na kwenye kadi ya gari ziwe moja. Kilomita zilingane na risiti za sevisi na na ulikaji wa pedali na usukani. Angalia kwa kampuni kama gari lina marekebisho ya usalama ambayo hayajafanywa. Kabla ya kulipa, piga simu kwa bima yako uulize kuhusu kuvuta, na usome leseni yako, kwa sababu nchi nyingi huhitaji daraja la ziada trela likipita uzito fulani. Uliza na sheria za breki: Ulaya, kwa mfano, trela lisilo na breki huishia kilo 750.

Hatua ya 9: Kabla ya safari ya kwanza

Badilisha oili zote, za injini, giaboksi na difu, bila kujali muuzaji alisema nini. Funga kidhibiti cha breki za trela kama karavani ina breki za umeme, na kiwekwe mahali mkono unafika bila kutafuta: trela likianza kuyumba, unaachia mafuta na kubana breki za trela peke yake kwa mkono, hukanyagi breki ya gari. Ongeza vioo virefu, kwa sababu karavani ni pana kuliko pikapu.

Kisha pakia kila kitu, watu wote ndani, tangi la mafuta limejaa, ufunge karavani na uende kwenye mizani ya magari. Pima ekseli ya mbele, ya nyuma, halafu gari na trela kwa pamoja. Weka namba hizo pembeni ya zile za kibao. Ekseli ya nyuma ikiwa imezidi, sogeza mizigo mizito ya ndani ya karavani karibu na magurudumu yake, upime tena na shingo kuona haijashuka chini ya asilimia 10.